Konveta Niliyoichagua

Fundi aliziweka konveta mbili juu ya gunia, gerejini kwake Same, akanitaka nichague. Kwa asiyejua magari, gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi kuna bakuli la chuma lililofungwa pande zote, limejaa oili, na oili hiyo ikizungushwa ndiyo inayosukuma gari. Hiyo ndiyo konveta. Ya kwanza ilikuwa inabana mapema. Ukigusa mafuta, gari linaondoka. Ya pili ilikuwa inateleza kwanza, inaiacha injini ingurume mpaka juu, ndipo inashika na kukubandika kwenye kiti.

Nilikuwa nimefunga turbo, kifaa cha kuiongezea injini nguvu, kwenye gari langu dogo la zamani, na turbo hiyo ilikuwa inalala mizunguko ya injini ikiwa chini. Ile konveta ya pili ingeiamsha.

"Kaka, hili gari unapanda nalo milimani?" fundi aliuliza.

"Mara mojamoja," nikasema. Uongo mtupu. Nilikuwa napanda Vudee kwa wazazi wangu kila baada ya wiki mbili. Lakini kichwani kwangu kulikuwa na barabara kuu iliyonyooka kuelekea Hedaru, na mimi nawapita watu. Mtu mzima mwenye kazi yake, na akili za mtoto aliyenunuliwa baiskeli.

"Basi chukua hii ya pili. Ila mlimani itachemsha oili. Ikichemka usizime gari. Simama, weka gia huru, kanyaga mafuta injini ingurume, oili izunguke kwenye rejeta yake mpaka ipoe."

Nilimsikia vizuri, nikaona ni jambo dogo.

Wiki chache baadaye, Jumamosi asubuhi, mama alinipigia simu. Baba kifua kilikuwa kimembana tangu alipotoka kukamua ng'ombe, na ilibidi ashushwe hospitali Same.

"Nakuja sasa hivi," nikamwambia. "Msihangaike kutafuta gari la mtu."

Katika maneno yote niliyowahi kusema, hayo ndiyo ninayotamani kuyameza.

Gari lilikwenda vizuri mpaka njia ilipoanza kujipinda na kuwa ya mawe. Pale huwezi kukimbia, na konveta yangu haikujua kwenda polepole. Nikikanyaga, injini inapiga kelele, gari linajikokota. Harufu ya oili iliyoungua ikaanza kuingia ndani. Nikasimama kwenye kona, nikaweka gia huru, nikafanya kama nilivyoelekezwa. Injini ikanguruma bonde zima, na gari halikusogea hata shubiri. Nilikaa hivyo kwa dakika nyingi, natazama migomba ya watu na kujitukana kimoyomoyo. Nikaondoka. Kona tatu mbele, oili ikachemka tena.

Nikiwa hapo nanguruma, pikapu ya jirani yetu ikateremka, imejaa ndizi za kupeleka sokoni. Jirani akasimama ubavuni kwangu akatoa kichwa. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, nakikumbuka hata kitambaa chake.

"Mzee anakusubiri," akasema. "Kuna shida?"

"Hakuna. Napoza oili tu, nafika sasa hivi."

Akaenda zake. Ningeweza kumwomba ageuze. Niliona aibu, gari nililolisifia kijiji kizima lishindwe mlima na pikapu kuukuu ya ndizi.

Nilipofika, baba alikuwa kwenye benchi la barazani, amevaa koti lake la kanisani, midomo imepauka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari lako lina sauti," akasema, akajaribu kucheka.

Hatukufika Same. Mama alikuwa amemshikilia kwenye kiti cha nyuma. Tulipokuwa tunakaribia tambarare aliniambia taratibu, "Punguza mwendo, mwanangu," nikajua hakuna tena cha kukimbilia.

Konveta ile niliitoa, nikaweka inayobana. Haijasaidia. Nikisikia gari lolote linanguruma mahali, hata la mtu nisiyemjua, naacha ninachofanya nangoja lisogee. Lisiposogea, natoka nje kuangalia.

Kule kwetu gari husikika kabla halijaonekana, na watu wa mlimani hulipima kwa masikio. Mlio mzito, gari limelemewa na liko mbali bado. Mlio wa juu, dereva ana haraka, bandika chai. Mimi nimekulia humo, najua, lakini siku ile sikulifikiria kabisa.

Baada ya mazishi, wageni walipopungua, mama aliniita jikoni. Aliona sili, akataka kunituliza.

"Usijilaumu, mwanangu. Jirani alikuwa ameshamshika mkono ampandishe kwenye pikapu. Ndipo tukakusikia kule bondeni. Baba yako akauvuta mkono wake. Akasema, mwacheni aende na ndizi zake, msikilizeni mwanangu, huyo anapaa. Alifurahi kweli."

Niliitikia kwa kichwa. Sijamwambia mpaka leo kwamba wakati wananisikia, nilikuwa nimesimama.