Cutlass ya Mzee Harlan imekwenda wapi?

Saa moja asubuhi, mji wa Lansing bado unajinyoosha. Theluji ya Machi imeganda kando ya barabara, imekuwa nyeusi kwa moshi. Verna Sobczak amelala chali chini ya gari la mwaka 1989, na kinachoonekana ni miguu tu. Sauti yake inatoka uvunguni kabla yake.

"Umekuja na gari gani?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza kwa mwandishi wa habari. Salamu zitafuata zikipata nafasi. Anapoambiwa kwamba mgeni amekuja kwa basi, anajivuta nje na kumkagua mgeni tangu kofia hadi viatu.

"Basi," anasema. "Haya. Basi halina ubaya."

Verna, mwenye umri wa miaka 58, ni fundi wa magari. Lakini usimletee gari lolote tu. Juu ya mlango wa karakana yake kuna kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe: OLDSMOBILE TU. MENGINE MSISUMBUKE KUGONGA.

Enzi za kiwanda kibao kile kilikuwa mzaha, maana mengine yalikuwa ya kutafuta. Lansing ndiko gari hilo lilikozaliwa, na kwa zaidi ya miaka mia moja mji mzima ulikula, ukavaa na kusomesha kwa jasho lake. Mtu hakusema amenunua gari. Alisema amenunua Olds, na mwenzake alimuuliza rangi tu.

"Baba alifunga injini. Shangazi alishona viti," anasema Verna huku akifuta mikono kwa tambara. "Mimi nilikuwa najua kulala na kuamka kwa king'ora cha zamu. Mpaka leo nikiwa likizoni usingizi hauji, kumetulia mno."

Kisha, wiki chache kabla ya Krismasi ya mwaka 2000, kampuni mama ilitangaza kwamba jina hilo litazikwa. Gari la mwisho lilitoka kiwandani Aprili 2004. Ukimuuliza Verna nani aliyeiua Olds, ana washukiwa tele, na hakuna anayeachiwa huru.

"Wakubwa waliobandika nembo tofauti kwenye gari lile lile, wakidhani hatuna macho. Watu wa matangazo walioanza kuwaonea haya wazee walionunua magari yetu. Na majirani," anaongeza, akishusha sauti. "Waliokuwa wakipiga makofi kwenye gwaride, halafu Jumatatu unaona gari la Kijapani mlangoni mwao. Kikulacho ki nguoni mwako."

Zamani aliingiza magari thelathini kwa mwezi. Siku hizi yakifika matano anashukuru. Mwenye jengo amempa mpaka mwisho wa Aprili aseme kama anapanga tena au anaondoka, na yuko fundi wa magari ya kila aina anayeisubiri nafasi hiyo kwa hamu.

Na hapo ndipo inapoingia Cutlass ya Mzee Harlan.

Harlan Pruitt ana miaka 84. Alifanya kazi na baba yake Verna. Yeye alikuwa wa milango, akiifunga kwenye magari na kuirekebisha mpaka kila mmoja ukirudishwa usikike inavyotakiwa. Cutlass yake, Oldsmobile ya mwaka 1983, nyekundu iliyokolea, aliinunua ikiwa mpya na haijaguswa na fundi mwingine tangu Verna afungue karakana. Inavuja mafuta tone kwa tone, na mzee hataki izibwe.

"Ikiacha kuvuja ndiyo uogope," humwambia Verna. "Ujue yameisha."

Septemba iliyopita, kwenye sherehe ya Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo huku huadhimishwa mwezi huo, Verna alisimama katikati ya wastaafu akiwa na bia mkononi na kutoa kauli. Siku Cutlass ya Mzee Harlan ikiacha kuja kwake, alisema, ndiyo siku atakayofunga karakana. Watu walicheka. Harlan hakucheka, lakini Harlan si mtu wa kuchekacheka.

Novemba ikafika, msimu wa kubadili matairi kwa ajili ya theluji. Cutlass haikuja. Verna akapiga simu.

"Gari liko sawa," mzee alijibu. "Wewe huna wateja wengine wa kusumbua?"

Verna hakulipenda jibu hilo. Desemba alipita makusudi mbele ya nyumba ya mzee. Kila nyumba ya mstaafu wa Olds ina doa lake la mafuta kwenye njia ya gereji, na la Harlan analijua kama anavyojua sahani zake. Safari hii theluji ilikuwa nyeupe pe, haina tone. Mlango wa gereji ulikuwa umefungwa. Na hatua chache kutoka hapo, kwa jirani, palikuwa na gari la kijivu. La Kijapani.

"Nikajua kuna kitu," anasema. "Nikajiambia, ama amepata fundi mwingine, ama ameuza. Na kama ameuza, basi amemuuzia mtu wa Ohio, jimbo la mahasimu wetu. Walikuwepo hao, wanazunguka mitaani na pesa taslimu. Sikulala wiki hiyo, nawaza Cutlass yangu inaendeshwa Ohio."

Neno "yangu" linamtoka bila yeye kulisikia.

Ilipoanza Kwaresima, shaka ikapata chakula. Kila Ijumaa wakati wa mfungo, ukumbi wa chama cha wafanyakazi hukaanga samaki, na mji mzima hujaa pale, hata wasiofunga. Kuna sheria isiyoandikwa ya maegesho: magari ya hapa nyumbani mstari wa mbele, ya kigeni nyuma kabisa, karibu na mapipa ya taka. Ijumaa ya kwanza Mzee Harlan aliingia kwa miguu.

"Umetembea, mzee?" Verna alimuuliza.

"Daktari anasema nitembee."

Kutoka kwake mpaka ukumbini ni kuvuka mto na nusu ya mji. Verna alimtazama viatu. Vilikuwa vikavu.

Ijumaa iliyofuata Verna hakwenda kupanga foleni ya samaki. Alisimama nyuma ya dirisha la duka la dobi lililo mkabala na ukumbi, akajifanya anasubiri nguo. Gari la kijivu likaja taratibu, likasimama pembeni mwa duka hilo, mahali ambapo watu wa ukumbini hawaoni. Mzee Harlan akashuka. Akageuza kichwa kushoto na kulia kama mtu aliyeiba kuku, kisha akajikongoja kuelekea mlangoni.

Verna alimfuata mpaka mezani. Aliketi mbele yake, asiguse sahani.

"Cutlass iko wapi?"

"Kula samaki wako, binti. Wanapoa."

"Nimekuona, mzee. Nimekuona unashuka kwenye nini."

"Basi kama umeona, unauliza nini?"

Hapo ndipo Verna aliposema neno ambalo mpaka leo linamchoma. Alisema kwa sauti, wenye meza za jirani wakisikia, kwamba ni heri baba yake alikufa mapema kuliko kuyaona haya. Mzee Harlan aliweka uma chini. Alipapasa kofia yake juu ya meza, akaikosa, akaipapasa tena, akaivaa na kutoka. Samaki wake walibaki.

"Alivyoipapasa ile kofia," anasema Verna. "Niliona kwa macho yangu. Lakini nilikuwa nimeshajaa, nikaona ni hasira tu."

Asubuhi yake, Jumamosi, gari la kijivu lilisimama mbele ya karakana. Dereva alikuwa Yesenia Cantú, muuguzi, jirani wa Harlan. Verna hakusubiri ashuke vizuri; alinyoosha kidole kwenye kibao.

"Najua kusoma, mama," Yesenia alimwambia. "Sikuja kutengenezewa gari. Nimekuja kukuuliza umemfanya nini yule mzee. Tangu jana hajala."

"Muulize yeye. Yeye ndiye anayejificha."

"Anajificha kwa sababu haoni."

Ilibidi Yesenia arudie. Macho ya mzee yalianza kufifia wakati wa kiangazi. Novemba, akitoka kwenda kwa Verna kwa ajili ya matairi yale yale, aliparuza ubavu mzima wa Cutlass kwenye nguzo ya gereji. Daktari akamkataza usukani. Kila asubuhi mzee hufungua mlango wa gereji, huwasha gari, hukaa ndani yake mpaka injini ipate joto, halafu huzima na kufunga. Hapo ndipo doa lilipohamia, ndani.

"Sasa kwa nini hakuniambia?" Verna aliuliza.

"Wewe si ulishasema? Siku Cutlass ikiacha kuja, unafunga. Ananiambia, 'Yesenia, nikisema tu, yule binti anafunga duka kwa ajili ya macho yangu. Sitaki dhambi hiyo.' Ndiyo maana ananiambia nimshushe kwa dobi."

Verna anapofika hapa anainuka. Anachukua spana, anaipeleka kabatini, anairudisha ilipokuwa. Miezi yote ile alikuwa akimtafuta aliyemsaliti, na mzee wa watu alikuwa gizani akimlindia kazi yake.

Jumapili alikwenda. Hakupiga simu kwanza, akihofia kuambiwa asije. Harlan alifungua mlango, akasimama akisikiliza.

"Nani?"

"Mimi, mzee. Nimekuja kuomba radhi. Na nimekuja na matairi."

"Machi hii? Theluji inaisha."

"Basi nimechelewa. Nipe ufunguo."

Mzee alipapasa mifuko yake, haukuwemo. Kisha akasema, "Ubavu wa kulia usiutazame," akaenda kuutafuta ufunguo.

Ijumaa iliyofuata Cutlass iliegeshwa mstari wa mbele, mchubuko wake ukiwa upande wa ukutani. Dereva alikuwa Verna. Mzee Harlan alikula samaki wake wote, na nusu ya wale wa Verna.

Sasa kuna mpango. Verna anasema atamwambia mwenye jengo kwamba hatoki. Kila Ijumaa na kila Jumapili atamwendesha mzee ndani ya Cutlass yake, na ubavu utanyooshwa hali ya hewa ikipata joto. Kuhusu kibao, anakwepa. Anasema rangi imechakaa na huenda ikahitaji kupakwa upya, na akipaka huenda nafasi ya neno "tu" isitoshe.

Anapoulizwa anamaanisha nini, anamtazama mwandishi kwa jicho lile la asubuhi. "Andika ulichosikia," anasema.

Lakini nyuma ya karakana, mahali ambapo mtu wa barabarani haoni, kuna kitu kikubwa kimefunikwa turubai. Mzee Harlan, aliyeletwa leo kunywa kahawa, anapita hapo akipapasa ukuta, na mkono wake unagota kwenye turubai.

"Nini hiki?"

"Kuni," anajibu Verna haraka.

Mzee anaipandisha turubai kidogo. Anapapasa chuma, anatafuta kitasa, anafungua mlango wa gari la kijivu la Yesenia. Anausukuma taratibu ukajifunga, akiwa ameinamisha kichwa. Anaufungua tena, anaufunga tena. Verna amesimama hajui aweke wapi mikono.

"Aliyeufunga mlango huu kiwandani," anasema Mzee Harlan hatimaye, "alikuwa anaipenda kazi yake."

Anaishusha turubai vizuri mpaka chini, kisha anaomba kahawa yake.