Kichwa cha Kwanza ni cha Mfuga Nyuki

Kinyozi alikuwa na kibanda cha viti viwili, lakini kimoja kilikuwa kibovu, kwa hiyo ukisema alikuwa na kiti kimoja hukumsingizia. Ukutani palikuwa na kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na kando ya kioo bango la picha za vichwa ishirini na vinne, kila kimoja na mtindo wake. Hakuna mteja aliyewahi kuchagua hata kimoja. Watu waliingia, wakakaa, wakasema, "Kama siku zote." Naye alifunga shuka shingoni, akapuliza vumbi la nywele kwenye mashine, akaanza kazi.

Vinyozi wengi huwa na habari za mtaa mzima mdomoni. Huyu alikuwa na "ehe" na "kumbe" basi. Ukimtazama usoni ndipo alipozidi kupotewa na maneno. Macho yalikimbilia sakafuni kama kwamba ameangusha sindano. Lakini akishakuwa nyuma yako, mashine inanguruma na wewe umetazama mbele, ulimi wake ulilegea kidogo. Mkewe alimtania sana kwa jambo hilo.

"Mwaka mzima ulikuwa unakuja kwetu unakunywa maji na kuondoka," alimwambia. "Ungenigeuza tu nitazame ukuta, baba watoto, tungeoana mapema."

Kanisani kwao kulikuwa na kikundi cha maombi cha Jumatano jioni, watu kama ishirini. Kazi yao ilikuwa moja: kuwaombea wachungaji wanaoongoza makanisa yanayoteswa, huko ambako mtu anaweza kuchukuliwa nyumbani kwake kwa sababu ya kuimba. Mara chache kwa mwaka barua ilifika kutoka kwa watu wanaofuatilia mambo hayo. Haikuwa na majina, maana jina likivuja mtu anaumia. Ilikuwa na mistari mitatu minne juu ya kila mchungaji, na kila mwanakikundi alichukua wake mmoja, akawa wake moja kwa moja.

Wa kinyozi aliandikwa hivi: "Mchungaji, umri miaka arobaini na mmoja. Ana mke na mabinti watatu. Kanisa limechomwa mara moja na kufungwa mara mbili. Hufuga nyuki."

Hayo ya nyuki ndiyo yaliyomwingia kinyozi moyoni. Mtu wa nyuki hawezi kuwa mtu wa papara, aliwaza. Naye hakuwa mtu wa papara. Tangu siku hiyo akamwita Mfuga Nyuki.

Shida ikawa saa ya kumwombea. Asubuhi nyumbani kulikuwa na vurugu za viatu na sare za shule. Usiku akiinamisha kichwa tu, usingizi unamchukua na maombi yake nusu. Ndipo akapata wazo: kichwa cha kwanza cha kila siku kitakuwa cha Mfuga Nyuki. Atakayekaa kitini wa kwanza, huyo atanyolewa kimya, na kinyozi ataomba moyoni tangu shuka inapofungwa mpaka inapokung'utwa.

Siku ya kwanza aliyeketi alikuwa mwalimu mkuu. Kinyozi aliomba vizuri, akaomba kwa uchungu, na alipofika kwenye "amina" akafanya alichofundishwa tangu utotoni: akafumba macho. Alipofumbua, mashine ilikuwa imepita katikati ya kichwa cha mwalimu mkuu, kutoka kisogoni hadi utosini, ikaacha barabara nyeupe.

Mwalimu mkuu alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Kinyozi," akasema, "ulikuwa unaninyoa au unanilima?"

Ikabidi azinyoe zote. Wanafunzi walicheka wiki nzima, na kinyozi akajifunza kuomba macho yakiwa wazi.

Miaka minane ilipita hivyo. Wateja waliizoea desturi ile. Dereva wa teksi, ambaye mguu wake haukuwahi kukanyaga kanisani, alikuwa akiwahi makusudi na kutangaza mlangoni, "Mimi dini sina, lakini kichwa ninacho. Mwombee ndugu yako." Kisha alitulia tuli, hata simu yake ikilia hakuipokea. Siku nyingine aliuliza, "Mabinti wa yule bwana wamefika darasa la ngapi sasa?" Kinyozi alihesabu kwa vidole. Umri wao haukuandikwa, lakini mkubwa huenda alikuwa ameshaolewa.

Barua zilizofuata zilileta mistari michache. Mfuga Nyuki amehojiwa. Mfuga Nyuki amekaa ndani miezi saba na ametoka. Mizinga yake imevunjwa. Siku aliyosoma habari za mizinga kinyozi alikasirika kuliko siku ya kifungo, kisha akamwomba Mungu amsamehe kwa kukasirikia masanduku.

Halafu, Jumatano moja, ikaja barua mbaya. Kiongozi wa kikundi, ambaye alikuwa kaka wa mkewe kinyozi, aliisoma mbele ya wote. Shemeji huyo alikuwa fundi wa kupima ardhi, mtu wa mistari iliyonyooka, na alisoma kwa sauti ileile anayotumia kusoma vipimo. Mchungaji mfuga nyuki alikamatwa tena. Alipigwa. Siku ya nne alitia sahihi karatasi ya kuikana imani yake na kulifunga kanisa. Waumini wake wametawanyika. Yeye amerudi nyumbani na hatoki nje.

Watu wakatazamana. Mtu akaguna.

"Ni jambo la kusikitisha," shemeji akasema. "Lakini orodha hii ni ya wachungaji wanaoongoza makanisa. Huyu hana kanisa tena, na mwenyewe ndiye aliyelifunga. Wapo wengine wanaosimama imara na hawana wa kuwaombea. Naona tumtoe, na shemeji yangu apewe mwingine. Kuna mwenye neno?"

Mkewe alimfinya kinyozi pajani. Kinyozi akasimama. Nyuso ishirini zikamgeukia. Akafungua mdomo, akatazama sakafu, akakohoa, akakaa.

"Basi tumekubaliana," shemeji akasema, akapiga mstari kwa rula.

Njiani kurudi nyumbani mkewe hakumsema. Hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angemsema.

Jumamosi asubuhi kinyozi alikuwa anafagia kibandani wakati shemeji mwenyewe aliposimama mlangoni, koti la suti mkononi.

"Shemeji, niokoe. Saa nne nasimamia harusi, na kichwa kimekuwa kichaka."

"Karibu, shemeji. Keti."

Shemeji alikaa, akajitazama kwenye kioo, akatabasamu. "Ndiyo kusema mimi ndiye kichwa cha kwanza? Haya, mwombee yule mpya niliyekupa. Yule mwenye makanisa manne. Yule ni simba."

Kinyozi alifunga shuka, akawasha mashine, akaanza upande wa kulia. Alijaribu kumwombea simba. Aliyatafuta maneno, hayakuja. Kila alipoanza alimwona mtu wa makamo amekaa kitandani, mlango umefungwa, mabinti wanapita nje kwa kunyata. Alipofika utosini mkono ulianza kumtetemeka. Akazima mashine.

"Nini, umeme?" shemeji akauliza.

"Hapana. Mkono. Nikiendelea nitakukata."

"Shemeji, usinifanyie hivyo. Upande huu mimi bwana harusi, upande huu nimetoka porini!"

"Nipe dakika moja." Kinyozi alikuwa amesimama nyuma yake, mashine imelala kifuani. Alitazama kisogo cha shemeji, nusu kimenyolewa, nusu bado, na maneno yakaanza kutoka, taratibu, kama mtu anayetoa vyombo kabatini asivivunje.

"Shemeji, mimi nimemwombea yule mtu miaka minane. Kila siku ya kazi. Nilikuwa naomba asipigwe. Amepigwa. Sasa siku aliyopigwa mpaka akaanguka ndiyo niache? Kwani nilikuwa naombea ushujaa wake, au namwombea yeye?"

"Lakini alikana, shemeji. Kwa mkono wake."

"Alikana. Sikatai. Sisemi kafanya vizuri." Kinyozi akameza mate. "Juzi uliuliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa nalo. Nilisimama, nikawaona, nikaogopa, nikakaa. Watu ishirini, shemeji, wote nawanyoa au nawanyolea waume zao. Hakuna aliyenishikia rungu. Hakuna aliyeniambia wanangu watafanywa nini. Na bado nilimwacha. Yeye alivumilia siku nne. Mimi sikuvumilia hata dakika."

Shemeji aliinua macho. Macho yao yalikutana kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza kinyozi hakuyaondoa ya kwake.

"Hao simba waombewe," akamalizia. "Nitamwombea na huyo wako. Lakini yule aliyejifungia ndani, kama sisi tuliokuwa tunamjua kwa nyuki zake tumemfuta, nani amebaki anayemjua?"

Nje dereva wa teksi alifika, akachungulia, akaona kichwa cha kiongozi wa kikundi kiko nusu na watu wawili wanatazamana kiooni. Akarudi nyuma taratibu, akaenda kukaa kwenye gari lake.

"Miaka kumi na tisa umemuoa dada yangu," shemeji akasema mwishowe. "Sijawahi kukusikia ukisema maneno mengi hivi."

"Hata mimi," kinyozi akasema.

Shemeji akacheka kidogo, kisha akaacha. Alitoa mkono chini ya shuka, akajipangusa uso, nywele zikamganda shavuni. "Mimi napenda mambo yaliyonyooka," akasema. "Mtu akipinda sijui nimweke wapi. Malizia kichwa, shemeji. Jumatano tutazungumza."

Mkono wa kinyozi ulikuwa umetulia. Akawasha mashine.

Jumatano shemeji alifungua karatasi mbele ya kikundi. Hakueleza mengi. Alisema alifanya haraka wiki iliyopita, na kwamba yule mchungaji anarudi kwenye orodha, kama ndugu, hata kama hana kanisa la kuongoza. Mama mmoja mwenye ushungi wa buluu akauliza kama hiyo haitawapa watu ruhusa ya kukana. Shemeji akamjibu, "Mama, hakuna anayeomba ruhusa akiwa anapigwa." Mama akafikiri, akatikisa kichwa kukubali, ingawa uso wake ulionyesha bado anapima.

"Shemeji yangu ataomba," kiongozi akasema.

Kinyozi akasimama. Nyuso zikamgeukia tena. Hapakuwa na kisogo hata kimoja cha kumsaidia. Mkewe hakumfinya safari hii. Alimshika tu ncha ya koti.

"Baba," kinyozi akasema. "Yule ndugu yetu…"

Akakwama. Macho yalikuwa wazi, yamejaa machozi. Alisimama hivyo hivyo, hakukaa. Watu walisubiri. Mtu akasogeza kiti. Ndipo shemeji, aliyekuwa ameinamisha kichwa chake kilichonyolewa vizuri pande zote mbili, akaingilia kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake:

"…yule aliyeogopa, Baba. Usiku akiamka na kukumbuka ile karatasi, usimwache peke yake. Mpe hata mtu mmoja wa kumgongea mlango. Na mabinti zake wamtazame vizuri."

Akanyamaza, naye sasa maneno yamemwishia. Yule mama wa ushungi wa buluu akadakia pale alipoishia, akafuatiwa na mzee aliyekaa dirishani, kila mmoja kipande chake, mpaka maombi yakawa marefu. Kinyozi alisimama muda wote huo, hakuongeza hata neno.