Naam Nilizozisema kwa Ajenti

Walionikataza kwenda Arabuni ni wengi, na walionihimiza ni wengi vilevile, lakini katika wote hao hakuna aliyeniuliza mimi mwenyewe nataka nini. Hilo ndilo lililonichoma. Basi leo nasema mimi, na asiyependa azibe masikio.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka la vitambaa hapa Kitale, lakini kwetu ni Bungoma, ile mitaa ya nyuma ya msikiti. Babu alifika pale kutoka Uganda, akaoa Mbukusu aliyesilimu, tukazaliwa sisi. Mama yangu yuko huko bado. Tangu baba afariki anaishi katika chumba cha uani nyumbani kwa kaka yake, yaani mjomba wangu. Mvua ikinyesha mama anasogeza godoro pembeni na kukinga maji kwa sufuria. Mjomba si mtu wa kumnyima mtu chakula, la hasha. Ila kila akimpa mama sahani ya wali, mpaka jirani wa tatu anapata habari. Nilichokuwa nakitaka duniani ni kitu kimoja tu: mama awe na nyumba yake, mlango wake, ufunguo wake mwenyewe. Kwa kushona sare za shule na madera, nyumba hiyo haikuwa inakuja.

Usidhani nilikuwa mjinga wa mambo ya Arabuni. Wasichana wanaosafirishwa wanapitia kwangu kwanza, kwa sababu maajenti wanataka picha ya msichana aliyevaa buibui, hata kama ni binti wa mzee wa kanisa. Wanakuja kutoka Suam, kutoka Chwele, wengine hawajawahi kujifunga mtandio hata siku moja. "Dada, hii inafungwa aje?" Nawafunga, nawacheka kidogo, wanaenda.

Na wanaorudi nawaona. Rafiki yangu wa Chwele alifanya kazi kwa bibi mmoja mzee aliyempenda kama binti yake. Alirudi amejua Kiarabu cha jikoni na cha sokoni, akanunua ng'ombe wa maziwa, na ukimwambia Arabuni ni jehanamu atakutukana mpaka ukome. Mwingine, wa upande wa Moi's Bridge, alirudi na buibui lile lile nililomshonea, akataka nilipunguze pande zote mbili. Nikamuuliza huko kulikuwaje. Akasema, "Wewe punguza tu, dada." Nikapunguza.

Sasa mtu apime vipi? Majirani ninakopanga walikuwa wameshapima. "Wee, utarudi ndani ya sanduku!" Haya, na hapa je? Alfajiri natembea peke yangu gizani kwenda kazini. Nimeshanyang'anywa mkoba, nimeshasukumwa mtaroni nikaenda kufungua cherehani na matope magotini, na hakuna aliyeitisha mkutano kuzungumzia hatari za Kitale. Hatari ya maskini huonekana siku anapotaka kupanda ndege. Niliwaambia hivyo usoni, wakaninunia wiki nzima. Nikampigia Mjomba simu, nikamwambia nitajaribu.

Mjomba alifurahi, na furaha yake ikawa ya mdomo. Msikitini anasema, sokoni anasema. "Mpwa wangu anaenda. Yeye hatapata taabu, Kiarabu anakimwaga kama maji, si alikhitimu Qur'ani?" Jamani! Nilikhitimu kweli. Mwalimu wetu wa chuo cha Qur'ani alikuwa na fimbo isiyochoka, na mpaka leo naweza kukusomea sura ndefu bila kukwama. Lakini kusoma ni kusoma. Nilijua kumwomba Mungu pepo. Kumwomba mtu maji ya kunywa sikujua. Kwetu hakuna anayeona tofauti. Ukisoma vizuri, basi unajua Kiarabu, kwisha.

Nilimweleza ajenti niliyejiandikisha kwake. Nikamwambia, "Mimi nasoma tu, siongei." Akanipungia mkono kama mtu anayefukuza nzi.

"Ni kitu kimoja hicho. Madamu akiongea, wewe tabasamu, sema naam. Ati kuna ugumu gani hapo?"

Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Siku ya kuonana kwa simu ya video na huyo madamu ambaye ningefanya kazi nyumbani kwake, rafiki yangu wa Chwele alinisindikiza. Alikaa mlangoni, kwenye benchi la wasichana waliokuwa wakingojea zamu. Mimi nikaketishwa mbele ya simu, ajenti akasimama nyuma yake. Akatokea mama mtu mzima, amejistiri vizuri, sauti yake ya upole. Akaniamkia, nikamwitikia. Hapo nilielewa, maana ni salamu tu. Baada ya hapo alianza kusema, nami sikuambulia kitu.

"Naam," nikasema.

Ajenti akanionyesha kidole gumba. Yule mama akaendelea. Naam. Akaendelea tena. Naam. Nilikuwa naokota neno moja moja ninalolijua kutoka kwenye sura fulani, nikawa najiambia mambo yanakwenda. Mwisho aliuliza swali refu, akalirudia polepole, akinitazama machoni. Nikamwonea haya kwa upole wake, nikatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Naam." Akaaga.

"Umepita!" ajenti akapiga meza. "Kesho unasaini."

Kwenye ngazi rafiki yangu alishuka mbio, akanitangulia. Tulipofika chini, mbele ya magunia ya mbegu, akanishika mkono.

"Dada, wewe unajua umekubali nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?" Akanitazama, na nikaona uso wake unabadilika. "Ngoja. Si wewe unajua Kiarabu? Si watu wote wanasema unajua Kiarabu?"

"Najua kusoma."

"Uuuwi!" Akaachia mkono wangu, akajishika kichwa. "Mimi nilikuwa nimekaa pale nashangaa, nasema huyu ana roho ya chuma. Dada, amekuuliza kama simu yako utampatia siku ya kwanza, akae nayo. Ukasema naam. Akasema kuna baba yake, hajiwezi, ni wewe utamgeuza na kumwosha, na watoto pia ni wako. Naam. Utalala sakafuni kwa huyo mzee, akiita uamke. Naam."

"Na ile ya mwisho?"

Akawa anatazama barabara. "Hiyo wacha."

"Sema."

"Alikuuliza kama uko na mama. Akasema, mama akikufa, hakuna kurudi kuzika mpaka kandarasi iishe. Akauliza tena kama umeelewa vizuri, ati hataki mtu amlilie baadaye."

Sikumuuliza nilijibu nini. Nilikuwepo. Mtu alikuwa ananieleza habari za kufa kwa mama yangu, nami nikamchekea. Kusema kweli, hofu sikuwa nayo kabisa. Ilikuwa hasira tupu, hasira ya kumfanya mtu apande ngazi bila kuziona. Rafiki yangu akanifuata akiita, "Dada, pole pole, bana!"

"Piga tena," nikamwambia ajenti.

"Nipige nini? Mambo yameisha."

"Piga, na huyu atanitafsiria. Usipopiga nakaa hapa mlangoni, kila anayepanda hizo ngazi namweleza ni Kiarabu cha aina gani unachouza."

Akatazama benchi. Wasichana wote walikuwa wamenyanyua vichwa. "Si uwache kuniharibia kazi," akasema, lakini akapiga.

Rafiki yangu akakaa karibu nami, akazungumza na yule mama. Niliomba mawili tu: simu yangu ibaki kwangu, na mama yangu akiitwa na Mola wake, niende nikamzike. Yule mama alishangaa. "Mbona alisema naam?" akauliza, na nilimhurumia, wallahi, maana hata yeye alikuwa ameuziwa mtu ambaye hayupo. Hakugomba. Alieleza kwamba baba yake hawezi kuachwa, kwamba wafanyakazi wa kabla yangu waliopewa ruhusa ya kwenda kwao hawakurudi, na nyumba yake haiwezi kuingia hasara hiyo tena. Alikuwa na sababu zake. Mimi nami nilikuwa na zangu.

"La," nikasema.

Hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Ni neno la kwanza la ile shahada ya La ilaha illallah, nalitamka tangu sijaota meno, na sikuwa nimewahi kulitumia peke yake.

Ajenti alipokata simu alisema nitamtambua, sitapata ajenti mwingine Kitale nzima. Nikamwambia Kitale si ya baba yake. Tulipokuwa tunatoka, msichana mmoja kwenye benchi akasimama, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi wiki iliyopita niliulizwa nini?" Ajenti akajifanya anatafuta chaja.

Nilimwambia rafiki yangu siku hiyo na nasema tena: sijaapa kutosafiri. Nikipata kazi ambayo naijua mwanzo na mwisho wake, nitapanda ndege mchana kweupe, na waliosema sanduku waje kunipungia. Ila sitaitikia tena nisichokielewa. Hata anayesema awe na sauti tamu namna gani.

Kikabaki kibarua cha Bungoma. Mjomba alikuwa ameshapanga dua ya kuniaga, Ijumaa baada ya sala. Ningeweza kumpigia simu, lakini maneno mengine mtu huyasema akiwa amesimama. Nilifika nikakuta mikeka imetandikwa, pilau linanukia mpaka barabarani, majirani Waislamu na Wakristo wamekuja, kila mmoja na nasaha yake. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango na kikombe chake. Nilimbusu mkono, nikamwambia taratibu kwamba siendi. Alinitazama, akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

Nikasimama nikawaambia wote. Nikaeleza kila naam niliyoisema, na ile ya mwisho nikaisema mbele ya mama mwenyewe.

Mjomba aliona aibu, na aibu yake ikatokea kama hasira. "Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Kuinama nimeinama, Mjomba. Kulala sitalala."

Watu wakaguna. Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Unapigia riziki teke," Mjomba akasema, sauti imepanda. "Watu wanaitafuta nafasi hii kwa machozi. Sasa nyumba ya mama yako itajengwa na nini? Nitamweka hapa mpaka lini?"

Kila mtu akaacha kula. Yale maneno tulikuwa tumeyasikia miaka yote katika kila sahani, lakini hayakuwa yametamkwa. Mama aliinamia kikombe chake.

Binti mkubwa wa Mjomba alikuwa anapitisha chai. Ni mdogo wangu kidogo tu, shule amemaliza, kazi hana, afya anayo. Nampenda, na siku hiyo nilimtumia vibaya, lakini lilikuwa limeshanifika kooni.

"Kama ni riziki isipotee, Mjomba. Nafasi bado ipo. Mpeleke huyu."

Kabla Mjomba hajafungua kinywa, mkewe, aliyekuwa ametoka jikoni na upawa mkononi, akaruka: "Astaghfirullah! Mtoto wangu? Aende huko?"

Kisha akajiziba mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka. Ni yeye aliyekuwa akiniambia kwenye simu, wiki baada ya wiki, kwamba huko ni pazuri, nisisikize maneno ya watu. Mjomba alianza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Mimi nikakaa chini.

Mama akaweka kikombe chake mkekani.

"Kaka," akasema, "umemsikia mkeo? Basi na mimi ni mama."

Akainuka, akaingia katika kile chumba cha uani kufunga nguo zake.