Mafua ya Upande Mmoja

Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi. Nilikuwa zamu katika zahanati yetu, huku kwenye baridi ya Njombe. Akina mama wawili walijifungua kwa kufuatana, na kulipopambazuka miguu ilikuwa mizito kama ya mtu aliyetoka kukanyaga tope. Kwa hiyo ndoto hii ilinijia mchana uliofuata, pazia likiwa limefungwa, ukungu bado umelala mabondeni.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu Festo ameketi jikoni, kitambaa mkononi. Festo ni fundi wa kuezeka. Siku tatu nyuma aliteleza juu ya paa la ghala la viazi, akaanguka, akagonga paji la uso kwenye boriti. Wenzake walisema alizimia kidogo, kisha akaamka, akacheka, akaomba maji. Nilimpima mwenyewe. Mboni za macho zilikuwa sawa, mikono na miguu ina nguvu. Nikamshona nyuzi mbili, nikamwambia apumzike.

"Dada, haya mafua yana ajabu," akaniambia asubuhi hiyo. "Yanatoka kulia tu. Nikiinama, ni kama bomba limefunguliwa."

"Ni baridi ya huku. Umezoea kulala kifua wazi."

"Na hii chai, umeweka tangawizi kweli? Sisikii harufu yoyote."

"Mwenye mafua atasikia harufu gani?" Nikacheka. Nikamjazia kikombe, nikaenda kulala.

Sijui nililala muda gani. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nasikia tone. Tone moja, kimya, tone jingine, kama bati lililotoboka. Nikainuka kutafuta mahali linapovuja, nikafungua mlango wa chumba changu, na mlango ule haukunipeleka sebuleni. Ulinipeleka kwenye darasa letu la chuo cha uuguzi.

Mwalimu Mlowe alikuwa amesimama mbele, amenipa mgongo. Huyu ndiye aliyetufundisha mwili wa binadamu. Alikuwa na desturi ya kununua kichwa cha ng'ombe buchani na kukipasua mezani mbele yetu taratibu, huku akiongea kwa sauti ndogo mpaka tulazimike kusogea karibu. Alikufa kwa kisukari miaka miwili iliyopita. Mimi mwenyewe nilitia udongo kaburini kwake. Ndotoni nilijua kwamba amekufa, na sikushangaa. Nilichoogopa ni kwamba hageuki.

"Shikamoo, mwalimu."

Aliinua chaki akaandika, lakini chaki ilikuwa imelowa, maandishi yakawa yanateremka ubaoni. Nikasogea ili nisome. Ubao unarudi nyuma. Nasogea tena, na sasa hakuna ubao, kuna ukuta mgumu, mweupe, uliopinda juu yangu kama ndani ya kibuyu. Nagusa. Ni mfupa.

Mwalimu yuko pembeni yangu. Anashika ncha ya kitu kinachoning'inia ukutani, kigumu kama ngozi ya ngoma, anakivuta kidogo. Chini yake kuna kingine, chembamba, kama utando wa buibui wenye umande. Na chini kabisa kuna cha tatu, laini, kimegandamana na ubongo wenyewe kama kanga iliyolowa inavyogandamana na mwili. Nayakumbuka majina ya vyote vitatu, niliyakariri kwa mtihani. Nafungua mdomo niyataje, yeye anainua kidole. Hataki majina.

Tunateremka. Tunaingia chumba kirefu kilichopinda kama pembe, na maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Ni maji maangavu kabisa, hata kucha zangu naziona. Upande wa pili kuna chumba kingine kinachofanana nacho. Kwenye sakafu kuna kishada chekundu cha mishipa, kinapumua, kinachuja maji hayo polepole, bila kupumzika. Yanapita kwenye kitundu, yanaingia chumba cha kati, yanapita mfereji mwembamba, yanaingia chumba cha mwisho, kisha yanatoka na kuuzunguka ubongo wote chini ya ule utando wa buibui. Darasani nilipenda sana somo hili. Kwamba ubongo, pamoja na uzito wake wote, unaelea. Sasa nasimama ndani yake na meno yanagongana.

Maana lile tone bado linasikika.

Mwalimu ananitangulia kuelekea mbele, mahali ambapo sakafu ya mfupa ni nyembamba, ina vitundu vidogo vidogo kama chujio la chai. Hapo ndipo pua ilipo, chini. Mfupa una ufa. Ile ngozi ngumu imechanika, mpasuko mdogo, haufiki upana wa ukucha. Maji yanapita hapo. Tone. Kimya. Tone.

Nainama kuchungulia. Kwenye ufa ule kuna kitu kinapanda. Sikioni vizuri. Ni kama moshi, ni kama ukungu wa mabondeni, lakini kinakwenda kinyume na maji. Maji yanashuka, chenyewe kinapanda. Na kila kinapogusa maji, maji yanabadilika, yanakuwa meupe kama maziwa.

Ndipo mwalimu anapogeuka. Uso wake ni uleule, miwani ileile. Hana hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Nilikufundisha kutazama," anasema.

Nataka kumwambia nilikuwa zamu, nimechoka. Nyuma yake namwona Festo. Ameketi kwenye dawati la mbele, miguu ndani ya maji, anatabasamu kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Maji yamemfika magotini, sasa kiunoni. Hainuki.

Mwalimu anaweka mkono begani kwake, kwa upole, kama alivyotushika sisi siku ya kuapishwa.

"Huyu," ananiuliza, "nimpokee mimi, au unabaki naye wewe? Sema."

Nafungua mdomo. Umejaa maji. Nasukuma, nasukuma, sauti haitoki, na maji yamemfika Festo kidevuni.

Nikaamka nikiwa nimekaa, nimeushika mto kwa mikono miwili, nikisema, "Mimi! Mimi!" Ilikuwa saa kumi jioni. Nyumba ilikuwa kimya.

Nilikwenda chumbani kwa Festo bila viatu. Alikuwa amejikunyata, amegeukia ukuta, blanketi limefunika macho. Nilipovuta pazia alilia, "Dada, funga! Mwanga unanichoma!" Mwili wake ulikuwa moto. Pembeni mwa kitanda alikuwa ametapika. Na kwenye foronya, mahali pua yake ilipokuwa, palikuwa na duara la unyevu, katikati wekundu uliofifia, kandokando maji matupu yasiyo na ute. Mafua hayachori hivyo.

Nikapitisha mkono chini ya kisogo chake, nikajaribu kukileta kidevu kifuani. Shingo ilikuwa kama gogo. Akapiga kelele ambayo bado naisikia.

Jirani yetu, Baba Rehema, alikuwa akipakia viazi kwenye pikapu yake. Sikumweleza mengi. "Shusha hayo magunia, ndugu yangu, Festo anakufa," nilimwambia, na yeye akaanza kuyashusha. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, nikamkinga macho kwa kanga. Njia nzima nilikuwa nikimwambia, "Usipenge, Festo. Hata pua ikikuwasha, usipenge." Mwanzoni aliitikia. Karibu na mjini akaacha kuitikia.

Daktari wa hospitali kubwa alimtoa maji kidogo kwenye uti wa mgongo. Yalipaswa kuwa maangavu. Niliyaona kwenye kichupa kabla hawajayapeleka maabara, na nikakaa chini sakafuni, maana yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele: vijidudu vilikuwa vimeshapanda ubongoni kupitia ule ufa.

Alichomwa dawa kwenye mshipa siku nyingi. Siku ya sita alinitambua. Baadaye alisafirishwa, ufa ukazibwa. Leo Festo yuko hai, ingawa sikio moja halisikii na hawezi tena kutambua harufu ya kitu chochote, hata chakula kinachoungua. Paani hapandi tena.

Watu niliowasimulia husema marehemu alikuja kunifunulia siri. Nawaacha waseme. Lakini aliyeanguka akagonga kichwa, kisha pua au sikio likatoa maji maangavu, ni mtu wa kukimbizwa hospitali. Hilo halikuwa siri. Nililiandika kwenye daftari langu la chuo kwa mkono wangu mwenyewe, na kwenye mtihani nilijibu sawasawa. Mwalimu Mlowe hakuniletea jambo geni hata moja. Alitoka huko aliko kuja kunionyesha nilichokuwa nakijua, wakati mgonjwa ameketi mbele yangu ananieleza kwa mdomo wake, na mimi nacheka, namwongezea chai.