Mama mkwe mbele ya katapila

Leo mume wangu amepoteza kazi, na mimi nimempenda upya.

Jamani, ndoa yenyewe bado mbichi. Mpenzi wangu anaendesha katapila kwenye machimbo ya makaa ya mawe huku Kibaoni. Asubuhi bosi kamwamuru achimbe mtaro, maji meusi ya shimoni yaende mtoni.

Mto huohuo unaonywesha mpunga wa mama yangu.

Mama akaja, akaketi palepale mtaro unapopita.

Mume wangu akazima mashine. Sisi Wasukuma, mkwe hasogelewi wala hatazamwi usoni.

"Mtoe huyo mama," bosi akafoka.

"Ni mkwe wangu, bosi. Siwezi hata kumkaribia."

"Basi chagua. Mkwe au kazi."

Mimi nimesimama pembeni ya mama, nyie.

Mume wangu akashukia upande wa pili wa katapila, kichwa kimeinama, akamkabidhi bosi funguo.

Mama, bila kumgeukia, akaniambia mimi: "Mwambie mwenzio aje kula."

Kesho asubuhi wanaleta dereva mwingine kutoka Mpanda. Anayejua mama mkwe wa huyo dereva anakaa wapi, aniandikie hapa chini. Nauli ya kumleta tutachanga.