Nilimtoa Baba Mkwe Kaburini kwa Mdomo Wangu

Kosa ni langu. Nasema mapema ili ukifika katikati usianze kumtafuta mwingine wa kumlaumu. Mume wangu hajui, mashemeji hawajui, na mchungaji wangu nilimficha. Wewe msomaji usiyenijua ndiye wa kwanza kusikia.

Mimi ni mama wa watoto, naishi Pajulu, nauza vitenge sokoni Arua, Uganda. Siku hizi simu ikilia naigeuza uso chini. Mteja akisimama mbele ya meza yangu bila kushika kitambaa, jasho linanitoka. Jamani, sikujua woga unaweza kumkalia mtu namna hii!

Ngoja nianze na kitabu. Mwandishi mmoja alikuja Arua kuandika historia ya kampuni ya dhahabu ya ng'ambo ya mpaka, kule Kongo, na mji ambao kampuni hiyo ilijenga. Wafanyakazi wengi wa zamani walihamia huku kwetu, wakazeekea huku. Mwandishi alihitaji mtu wa kumpeleka kwao na kumsaidia kuongea, maana Kiswahili chake cha shule wazee walikuwa wanakicheka. Nikachukuliwa mimi. Nikavimba kichwa! Hata sokoni nikawa natembea na kalamu sikioni.

Tulisikia mengi. Nyumba za matofali zilizopangwa mstari, uwanja wa mpira, hospitali, king'ora kilichoamsha mji mzima hadi mtoto mchanga. Tukasikia pia habari ya shimo lililoporomoka na kuua watu. Kila mzee aliijua, lakini hakuna aliyekuwa karibu siku hiyo. Mwandishi akawa analalamika kila tukikutana: "Hii sura ya shimo imekufa. Sina shahidi hata mmoja."

Na shahidi alikuwa kwetu nyumbani!

Baba mkwe wangu anaishi Dranya, upande wa Koboko. Analima muhogo na tumbaku, mtu mpole, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto hana. Kuna wakati malaria ilimpiga vibaya, nikaenda kumuuguza. Homa ilipopungua akanishika mkono, akaniambia jambo ambalo hata marehemu mama mkwe hakulijua.

Kule mgodini kila mfanyakazi alipewa kibati cha shaba chenye namba yake. Ukiingia shimoni unakitundika kwenye msumari, kwenye ubao wa mlangoni. Ukitoka unakichukua. Kibati kikibaki kwenye msumari, wewe bado uko chini. Siku moja baba aliamka tumbo linamwendesha, hawezi kusimama. Rafiki yake Timoteo hakuwa na kazi, akamwambia ampe kibati aingie badala yake. Watu walikuwa wanafanya hivyo, wasimamizi wakijifanya hawaoni. Baba akampa, na mchana shimo likaanguka.

"Kibati yangu ikabaki kwa musumari," aliniambia. "Kampuni ikasema ni miye nimekufa. Bakazika Timoteo na jina yangu. Musalaba yangu niliiona na macho yangu, binti."

Akaogopa. Aliogopa kampuni, lakini zaidi aliogopa ndugu za Timoteo, kwamba watasema alimtuma mtoto wao kufa mahali pake. Akavuka mpaka, akaingia Koboko, akajipa jina lingine. Hilo ndilo jina analotumia mume wangu, na watoto wangu pia. Kule nyuma, watu wa Timoteo walidhani kijana wao alipotelea Sudan akitafuta kazi.

"Ni weye tu unajua," akaniambia. "Ukisema, batakuja kunichinja."

Nikaapa. Niliapa kwa watoto wangu, Mungu wangu!

Basi siku moja tunakunywa chai na mwandishi, akaanza tena wimbo wake wa sura iliyokufa. Sijui shetani gani alinikalia ulimini. Nikamwambia, "Mmoja wa hao maiti wako mimi nampikia enyasa, ugali wetu wa muhogo, kwa mikono hii, na anamaliza sahani." Kikombe kikabaki mdomoni mwake. Nikaona ananitazama kama mtu mkubwa, na mdomo wangu haukufunga tena mpaka nimemaliza yote.

Aliahidi kuficha jina la mzee. Kweli alilificha. Lakini aliandika Dranya, akaandika tumbaku, akaandika kidole. Na mwisho wa kitabu, pale kwenye shukrani, akaweka jina langu zima na neno kwamba mimi ni mke wa mwana wa yule mzee.

Sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo napojichukia. Alinipa kurasa zile nizisome kabla hazijachapwa! Niliona Dranya. Niliona kidole. Nikasema moyoni, nikianza kusahihisha atanitoa mimi pia. Jina langu lilikuwa limekaa vizuri pale. Nikamrudishia, nikamwambia hakuna makosa.

Siku ya kuzindua kitabu, kwenye hoteli hapa Arua, nilivaa gomesi mpya. Nikapigwa picha nimeshika kitabu kimefunguka kwenye jina langu. Nikaiweka kwenye WhatsApp, pamoja na ukurasa wenyewe wa habari ya shimo. Wateja wangu wa Ariwara, kule Kongo, wote wana namba yangu. Wakanimiminia hongera na mioyo myekundu, nami nikawa nahesabu sifa tu.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja sokoni walisimama mbele yangu mama mmoja mzee na wanaume wawili, watu wa ng'ambo ya mpaka. Mwanaume mmoja alibeba kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia.

"Ni weye mama ya kitabu?" yule mama akauliza. "Tunatafuta muzee ya Dranya. Ile ya kidole."

"Kwa nini, mama?"

"Timoteo ilikuwa ndugu yangu. Tumbo moja."

Macho yangu yakaganda kwenye gunia. Panga, nikasema moyoni, panga hilo! Nikawaambia hakuna mzee kama huyo, mwandishi alitunga tu ili kitabu kinoge.

Akanitazama bila hasira. "Mama, mutu anaweza kutunga jina. Kidole hapana. Rafiki ya ndugu yangu ilikosa kidole ile ile." Wakaondoka, nikawasikia wanauliza gari za Koboko zinapandiwa wapi.

Nikampigia baba mkwe. Nikamwambia, "Baba, ndugu za Timoteo wamekuja. Wana panga. Kimbia!"

Msomaji wangu, panga sikuliona. Nililisema tu kwa sababu ya woga.

Akauliza neno moja: "Ulisema?" Nikaanza kulia, nikisema baba nisamehe, baba nisamehe. Nilipotulia nikakuta simu imekatika zamani.

Nikamwachia jirani meza, nikatafuta gari, nikaenda. Njia nzima naomba, namwona baba amelala kwenye damu. Nikafika Dranya. Mlango uko wazi. Jembe limelala kwenye mistari ya tumbaku. Simu yake iko kitandani, kandambili zake ziko mlangoni. Baba mwenyewe hayupo.

Wageni walikuwa wamefika kabla yangu. Majirani waliwapa viti, wamekaa uani kwa adabu. Gunia lilikuwa limefunguliwa. Ndani ulikuwa msalaba wa mbao, umepakwa rangi nyeupe, umeandikwa Timoteo.

Nikakaa chini kwenye vumbi.

"Tulikuja kumuchukua, asafiri na sisi," mama yule akasema. "Kaburi tunaijua, iko na jina yake. Lakini musalaba ya mutu bado iko hai, mutu mwingine haing'oi. Anaing'oa mwenyewe. Aing'oe yake, tusimike ya ndugu yangu, tulie pamoja naye, tukule pamoja. Basi. Hatuna maneno na yeye." Akaangalia shambani. "Iko wapi?"

Nikasema labda ametoka kidogo.

Mpaka leo hajarudi! Mume wangu na ndugu zake wamemtafuta kila mahali. Mmoja alisema aliona mzee anatembea peku njia ya Kaya. Mwingine akasema Abuku. Wanaenda, wanakuta si yeye. Mvua zimeanza, na baba ana kifua kibovu. Mume wangu anaamini uzee umemchanganya akili. Ananiuliza siku ya mwisho mzee alikuwa anaongea nini kwenye simu, na mimi namkazia macho, nadanganya. Kuhusu wageni nilimwambia ni marafiki wa zamani wa baba, na yule mama nilimsihi habari ya kaburi amwachie baba aiseme mwenyewe. Mume wangu hana WhatsApp wala ndugu zake, na kitabu nimekifukia chini ya vitenge, lakini mjini kinauzwa. Yuko mtu atakayekisoma, atampelekea. Naogopa siku hiyo. Zaidi naogopa waje waniambie wameuona mwili.

Wale wanaume walirudi kwao. Mama mzee alikataa. Yuko Dranya, analala nyumbani kwa baba, msalaba umeegemezwa ukutani. Nikimpelekea chakula ananiuliza, "Binti, baba yako hakukuambia anaenda wapi?" Anauliza kwa upole kabisa. Na mimi bado nasema sijui, nasema sijui, halafu natoka nje kulia!

Nimebadilisha majina yote humu, na safari hii nimesoma mara mbili kabla ya kutuma. Dada, kaka, mgonjwa akikushika mkono akakuambia la moyoni, liache pale pale kitandani. Usilipeleke kwenye chai. Usilifanye pambo la jina lako. Na ukishikwa na woga, uliza kwanza gunia lina nini, ndipo upige simu.

Baba, kama kuna mtu popote anakusomea maneno haya: nilidanganya. Hakuna panga. Dada yake Timoteo anakungoja, hana neno na wewe. Kandambili zako sijaziondoa mlangoni.