Wakwe Walioteremka kwa Bati

Watu wakisikia nilicheza kwenye barafu nikiwa mtoto wananiuliza kama nililelewa Ulaya. Ulaya gani! Mimi nimelelewa Konoin, karibu na Mogogosiek, kwenye vilima vya chai, na pale kwetu mawingu yakikasirika yanamwaga mawe ya barafu mpaka shamba lote linakuwa jeupe kama unga uliomwagika. Anayebisha aende akakae huko msimu mmoja, akirudi na kofia yake nzima ndipo tuzungumze.

Sasa, mvua ya mawe si mchezo kwa mwenye chai. Ikipita, majani yote yamechanikachanika na hakuna cha kuchuma kwa wiki nyingi. Majirani walikuwa wakitoka nje wakishika kichwa. Baba yangu alikuwa akitoka nje akishika bati. Lilikuwa bati lililobaki tulipoezeka zizi la ng'ombe. Baba alilikunja mbele likainuka kama pua, akazipondaponda kingo kwa nyundo zisitukate, akalifunga kamba ya katani. Wazo alilipata kwenye kalenda ya Krismasi pale sebuleni, iliyokuwa na picha ya familia ya wazungu wakiteleza kutoka mlimani huku wamefungua midomo. Aliitazama ile picha muda mrefu sana, halafu akasema, "Kwani hawa wametushinda nini?"

Basi ikawa desturi ya nyumba yetu. Mawe yakikoma tu, baba anapiga kelele, "Chai imeenda, na sisi twende!" Tunavaa gambuti na masweta, tunapanda ile njia ya nyasi inayotoka uani mpaka barabara ya juu, katikati ya michai, njia tunayobebea majani kwenda kuuza. Tunakaa kwa bati, baba mbele, sisi nyuma tumeshikana viuno, hao! Chini tulikuwa tumepanga magunia ya nyasi kavu ya kutusimamisha. Mama alikuwa akisimama mlangoni akisema tumerogwa sote na aliyeturoga amekufa. Siku moja akakubali kupanda. Alipiga mayowe kutoka juu mpaka chini, akaapa hatarudia, akarudia mpaka rinda likaloa. Hasara ilikuwa pale pale, imetuzunguka pande zote, na sisi tunacheka. Sijawahi kupata likizo bora kuliko hiyo.

Likizo moja ya Desemba, miaka ya tisini, tulikuwa tunangoja wageni wa dada yangu mkubwa. Alikuwa mwalimu wa nasari, mpole, na alimpenda kijana mmoja wa Chebunyo hivi kwamba ukimtaja anamimina chai nje ya kikombe. Lakini dada alikuwa na mkosi. Mara mbili watu walikuwa wamekuja kumposa. Wa kwanza, mzee wao alijikwaa langoni petu. Wa pili, mzee wao aliteleza kwa matope akakaa chini pwaa. Wote waligeuka papo hapo, maana wazee wetu waliamini kwamba anayekwenda kuposa akijikwaa au akianguka njiani, safari imekataliwa. Unarudi kwenu na huji tena. Hao wawili dada hakuwalilia, hata alishukuru kimoyomoyo. Ila baba aliona aibu. Alisema watu watadhani tunachimba mashimo, na hawa wa Chebunyo wakigeuka pia, hatapokea posa nyingine kwake. Dada alisikia hayo maneno, akaweka kijiko chini, na hakula vizuri tena wiki hiyo yote.

Kulikuwa na sharti lingine. Msichana haonekani na wageni mpaka wazee wamwite. Akionekana kabla, ni kama amejileta mwenyewe, na hapo mazungumzo yanaweza kuvunjika. Kwa hiyo asubuhi ile dada aliingia jikoni, kile kijumba cha pembeni, na rinda lake la kijani, akaambiwa asitoe hata pua.

Kulikuwa na jua zuri asubuhi. Mbuzi amechinjwa, mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, iko tayari kwenye kibuyu. Saa sita mbingu ikafunga. Mawe yakapiga nyumba mpaka tukawa tunaongea kwa mikono. Yalipokoma, njia ilikuwa nyeupe kutoka langoni kule barabarani mpaka chini uani, na pale juu, Mungu wangu, pikapu ya wageni ikasimama.

Wakashuka wazee wawili, mmoja mrefu mwenye koti zito, mwingine mfupi wa kofia. Akashuka mama yake kijana, mjane mnene aliyejitanda leso. Kijana mwenyewe alibaki ndani ya gari kama ilivyotakiwa. Chebunyo ni nchi ya joto na mifugo, mawe mengi hivyo hawakuwa wameyaona maishani. Mzee mrefu aliokota moja, akalitia mdomoni, akalitema.

"Mwenye boma!" aliita.

"Karibuni wazee!" baba akajibu kutoka uani.

"Tukaribie wapi? Hapa mtu akiweka mguu anaanguka. Na tukianguka unajua maana yake."

"Ngojeni barafu iyeyuke!"

"Jua linaenda! Hatuwezi kukaa langoni kama wachuuzi. Afadhali turudi."

Nilisikia sufuria ikianguka jikoni. Nilipoingia dada alinishika mkono kwa nguvu. "Wakirudi mimi nimekwisha," alisema. "Baba hatapokea posa tena. Unamjua." Nilimwambia anyamaze, hakuna mtu anakwisha, lakini hakuniachia mkono, na mimi nikapandwa na hasira. Ningekuwa mkubwa ningewapandia wale wazee nikawashusha kwa masikio. Mtu anampenda mtu, halafu yote yanategemea soli ya kiatu cha mzee! Heh!

Baba alisimama uani akijikuna kidevu. Kisha akatazama bati.

"Baba watoto," mama akasema, "usithubutu."

Akathubutu. Alijitwika bati kichwani, mimi nikamfuata na gunia la kukalia, tukapanda tukishikilia michai. Kule juu aliwasalimia wazee kwa heshima zote, akavua kofia, akauliza, "Wazee wangu, anayeanguka si yule aliyesimama?"

"Ndiye."

"Sasa aliyekaa chini ataangukia wapi?"

Walitazamana. Wakaenda kando nyuma ya pikapu, wakanong'ona muda mrefu kama watu wanaoamua kesi ya mpaka wa shamba. Nilimwona kijana ndani ya gari amefunga macho, sijui aliomba au aliona haya. Wazee wakarudi. Mzee mrefu akakohoa.

"Tumeona aliyekaa haanguki," alisema. "Lakini asiinuke mpaka afike."

Akakaa nyuma ya baba, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo imesimama katikati ya magoti. Nikawasukuma. Hakutoa sauti hata moja njia nzima. Waliingia kwenye magunia, nyasi zikaruka, na mzee akabaki ameketi vile vile, kimya, anatazama mbele. Tukadhani tumemuua. Halafu tukamsikia akiuliza, "Hii kitu inarudi juu aje?"

Baba alipandisha bati akamchukua mzee mfupi, ambaye alicheka mpaka kofia ikabaki kwenye michai. Mama akawakaribisha ndani, sebule imepambwa, vitambaa vyeupe kwenye viti. Hawakutaka kusikia. Mzee mrefu alisema posa imeshafika salama, kwa hiyo akianguka sasa ni kuanguka kwake binafsi, hakumhusu mtu. Akaanza kupanda mlima kwa magoti na koti lake, mwenzake nyuma yake, wanagombana nani atakaa mbele. Waliteremka tena. Wakapanda tena. Mama akapika chai ikapoa. Ndugu zangu, niliwaona wazee wa posa wakisukumana kama watoto wa nasari.

"Na mimi je?" mama yake kijana akaita kutoka juu. "Nimekuja kuangalia gari?"

Hapo ndipo shida ilipo. Baba hawezi kukaa mgongo kwa tumbo na mkwe, hata kama mbingu zinaanguka. Wale wazee nao sasa walikuwa wamelewa barafu, hakuna ambaye ungemkabidhi mtu. Basi nikawekwa mimi.

"Mtoto, unajua kuendesha?" aliniuliza akijikalisha polepole, mikono yake mizito mabegani mwangu.

"Najua, mama."

"Breki iko wapi?"

"Breki ni magunia kule chini."

"Uwi!" alisema, na baba alikuwa ameshasukuma.

Tulienda vizuri mpaka katikati. Kisha akaogopa, akanyoosha mkono akashika mchai. Mchai wetu hauachii mtu. Bati likageuka, mimi nikarushwa pembeni kwenye matawi, na yeye akaendelea peke yake kinyumenyume, ametoka kabisa kwenye njia ya magunia, anaelekea kwenye uzio wa zizi, ule wa waya wa miiba. Baba alikuwa juu. Wazee walikuwa wameganda. Mimi nilipiga kelele nikiwa nimekwama kwenye chai, na kelele haizuii bati.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Dada alitoka bila viatu, na lile rinda la kijani, akakimbia juu ya mawe sijui kwa miguu gani, akajitupa kati ya mama yule na waya. Bati likamgonga, wote wawili wakabiringika, barafu ikaruka.

Nilipofika, bati lilikuwa juu chini, mama yule amelala ubavu, na dada chini yake, kiwiko kimechanwa na mwiba wa waya mpaka damu inadondoka kwenye mawe meupe. Mama yangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mzee mrefu akapata sauti. "Mama wa kijana, umeanguka?"

"Nani ameanguka?" alijibu akiwa bado amelala. "Nimepumzika."

Mzee akageuza macho taratibu. "Na huyo msichana ni nani?"

Dada alikuwa ameinama. Alijua amefanya nini. Moyo wangu uliniuma sana, nikaanza kumwomba Mungu ile barafu ituzike sote. Yule mama alijiinua akakaa. Alimtazama dada usoni kwa karibu, muda mrefu, akautazama ule mkono. Halafu akavua leso yake, akamfunika dada kichwa chote mpaka kifuani, akamgeuza kuelekea jikoni na kumsukuma kidogo mgongoni.

"Msichana gani?" alisema. "Mimi sioni mtu hapa. Mzee, umeingiwa na barafu machoni."

Dada akatembea mpaka jikoni akiwa ndani ya leso, akapapasa mlango, akaingia. Mzee mrefu alisimama akifikiri. Kisha akafikicha macho kwa ngumi zote mbili. "Kweli," alisema, "imeingia."

Wakaingia ndani, wakala, wakanywa mursik, wakazungumza maneno yao ya heshima kama watu ambao hawajawahi kuona bati. Jioni baba akaagiza msichana aitwe. Dada aliingia amebadilisha nguo, mikono mirefu, macho chini, akasimama katikati ya sebule. Baba akawauliza wageni kama ilivyo desturi, "Huyu ndiye mliyemjia?"

Mama yake kijana hakungoja mzee ajibu kwa niaba yake. Aliinuka, akamshika dada, akamkalisha kando yake kwenye kochi lile lile. Akampandisha mkono wa nguo mwenyewe mpaka juu ya kiwiko, akakiinamia kile kidonda, akakipuliza kama unavyompulizia mtoto.

"Pole, mama," alimwambia.

Dada akaangua kilio mbele ya wazee wote, na mimi pia, na mimi si mtu wa kulia. Hakuna mzee hata mmoja aliyeuliza kidonda kilitoka wapi.